Kunguni wa Jumatano

Mama Pasi alikuwa na sheria moja kazini kwake, na hakuwahi kuivunja tangu afungue duka: kinachokutwa mfukoni mwa nguo ya mteja kinatiwa kwenye bahasha, bahasha inabanwa kwenye hanga pamoja na nguo, na hakisomwi. Katika miaka kumi na mitano ya udobi alikwishashika barua za mapenzi, majibu ya vipimo, pete zilizovuliwa kwa haraka, na mara moja jino zima la mtu mzima. Vyote vilirudi kwa wenyewe bila swali. Ndiyo maana nusu ya makarani wa mjini walimletea nguo yeye, wakawapita madobi wawili wenye mashine za kisasa.

Karatasi aliyoikuta kwenye koti la kijivu Jumatatu ile aliisoma. Baadaye alijitetea kwamba ilijikunjua yenyewe mezani kwa mvuke wa pasi. Sivyo. Aliona rangi ya kijani ikichungulia kwenye mkunjo, umbeya ukamshika, akaifungua.

Ilikuwa ramani ya katikati ya mji, kila nyumba imechorwa kama kiboksi. Viboksi vingine vilipakwa kijani, vingine njano. Aliitafuta barabara ya benki, akashuka nayo kwa kidole mpaka kwenye kona inayotazamana na uwanja wa kuegesha magari, na hapo kidole kikasimama. Nyumba yao, ile ya ghorofa mbili ambayo chini yake ndipo alipokuwa amesimama na pasi mkononi, ilizungushiwa duara kwa kalamu nyekundu. Si mara moja. Mara mbili, kwa mkono wa mtu aliyekusudia. Hakuna nyumba nyingine iliyokuwa na duara.

Mwenye koti alikuwa afisa wa mipango miji wa halmashauri, mtu mwembamba mwenye adabu za kupitiliza, aliyeanza kuleta nguo miezi miwili tu nyuma. Sasa Mama Pasi alikumbuka mambo ambayo hakuyatilia maanani. Yule bwana hakuwa na haraka kama wateja wengine. Akisubiri chenji alikuwa akiinua macho kutazama dari. Siku moja aliuliza, kama mtu anayezungumzia joto, "Huko juu kuna watu?" Naye akamjibu kwa mzaha, "Yuko mama mkwe wangu, na huyo peke yake ni kijiji kizima." Afisa alicheka, lakini alicheka kwa mdomo tu, macho hayakushiriki.

"Unasoma nini, shemeji?"

Aliruka kidogo. Alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, amesimama mlangoni na mfungo mkubwa wa funguo kiunoni. Shemeji ndiye aliyekuwa msimamizi wa nyumba. Mwenye nyumba aliishi nje ya nchi na hakuwa amekanyaga hapo miaka tisa, kwa hiyo bomba likipasuka anaitwa Shemeji, kitasa kikikwama anaitwa Shemeji. Mumewe alipofariki, ni Shemeji aliyehangaika na jeneza, na ni yeye aliyeongea na mwenye nyumba ili mjane asitolewe. Mama yake mzazi aliishi humo humo, chumba cha pili ghorofa ya kwanza, akitunzwa na Mama Pasi. Kama kulikuwa na mtu duniani ambaye Mama Pasi hakuhitaji kumkagua mifuko, ni huyo.

Akampa ramani. Shemeji aliitazama muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Nilijua tu," alisema mwishowe. "Si unasikia halmashauri wanabadilisha sheria za ujenzi wa katikati ya mji? Eti nyumba za kupangisha, eti majengo yanayotunza mazingira. Maneno matamu hayo. Maana yake tutoke sisi, waingie wengine. Hilo duara ndilo shoka lenyewe."

"Sasa tufanye nini?"

"Wewe nyamaza. Niachie mimi." Akatoa simu, akaipiga picha ile ramani. Kisha akauliza, huku anairudisha simu mfukoni, "Umemwonyesha mtu mwingine?"

"Nani? Ndiyo kwanza nimeiona."

"Vizuri," alisema Shemeji.

Alipokwenda, Mama Pasi alikunja ramani kama ilivyokuwa, akaitia kwenye bahasha. Kola ya koti la yule bwana aliinyoosha kwa hasira mpaka ikakaribia kung'aa.

*

Alhamisi jioni halmashauri iliita wananchi ukumbini wasikilize mabadiliko hayo. Mama Pasi alifunga duka mapema, akavaa vizuri, akaenda na jirani yake wa ghorofa ya pili, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata waliokuwa wakubwa kwake. Shemeji aliwafuata nyuma, akakaa kiti cha pembeni.

Afisa alisimama mbele ya mbao zenye michoro. Alisema kwa miaka mingi sheria ilitaka katikati ya mji pawe pa biashara tu, na waliokuwa wakiishi kwenye nyumba za zamani walivumiliwa, basi. Kila jengo jipya lilazimika kuwa na maegesho, kwa hiyo magari yalipata pa kulala na watu hawakupata. Saa kumi na mbili jioni mji unakufa. Nesi wa hospitali ya mjini analala mwendo wa saa mbili kutoka kazini. Sasa, alisema, anayejenga nyumba za kupangisha ataruhusiwa kuongeza ghorofa, na hatalazimishwa kujenga maegesho. Lakini lazima avune maji ya mvua, aweke sola juu ya paa, madirisha yapitishe hewa ili watu wasiishi kwa viyoyozi. Na jengo la zamani lenye kuta imara lisibomolewe ovyo, lijengewe juu yake, kwa sababu kuvunja kila kitu na kumwaga saruji upya ni kuchafua mara mbili.

Yalikuwa maneno mazuri. Hilo ndilo lililomsumbua Mama Pasi. Alisikiliza yote akitafuta uongo umejificha wapi, na alipokosa pa kuushika, wasiwasi ukazidi. Akanyoosha mkono.

"Mimi ni dobi," alisema. "Mtu akiniletea nguo akaanza kuisifu, mimi huwa naigeuza nione doa liko wapi."

Ukumbi ukacheka. Afisa naye akatabasamu.

"Kwa hiyo naomba nikuulize. Kama hamna nia ya kubomoa, mbona nyumba yetu ya kona, pale mbele ya maegesho, mmeizungushia duara jekundu?"

Tabasamu la afisa lilizimika. Hakukasirika. Alimtazama kama mtu anayepima kitambaa.

"Umeliona wapi duara hilo, mama?"

Hapo ndipo Mama Pasi alipotambua alichokifanya. Nusu ya wateja wake walikuwa wamekaa ukumbini humo. Aliona mikono ya watu ikienda taratibu kwenye mifuko yao, mmoja baada ya mwingine, kama wanaotafuta leso. Mwalimu aliinamisha kichwa. Mahali fulani nyuma mtu alisema, "Ala! Kumbe anatusoma!"

"Habari za nyumba moja moja hatuzungumzi hapa," alisema afisa kwa upole uleule wa kuudhi. "Njoo ofisini, mama. Au nitakuja mwenyewe. Koti langu bado liko kwako."

Nje ya ukumbi Shemeji alimshika mkono juu ya kiwiko. Alikuwa anatweta kama aliyepanda ngazi.

"Usithubutu kwenda ofisini kwake. Unanisikia? Watu hawa wana makaratasi. Utaingia mpangaji, utatoka huna pa kulala. Na akija dukani mpe koti lake, mfungie mlango."

"Shemeji, unaniumiza mkono."

Akamwachia, akaomba radhi, akacheka kidogo. Mama Pasi alitembea kurudi nyumbani pamoja na Mwalimu. Walipofika kwenye ngazi Mwalimu alisema, bila kumlaumu, "Umejiaibisha. Lakini mimi sijawahi kumwona shemeji yako akiogopa kitu. Hata siku ile nyaya zilipowaka moto hakuogopa. Leo ameogopa nini?"

"Ameogopa kwa ajili yetu."

"Labda," alisema Mwalimu, akapanda.

*

Jumamosi Shemeji aligonga mlango wa kila chumba. Ghorofa zile mbili zilikuwa na vyumba sita na watu kumi na mmoja: Mama Pasi na mama mkwe wake, Mwalimu, nesi na wanawe wawili, na familia ya fundi redio. Wote aliwaambia jambo lilelile. Mwenye nyumba amelipia dawa ya kunguni. Itapulizwa Jumatano, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Kila mtu atoe vitu vyake vyote, vitanda, magodoro, masufuria, mpaka mapazia. Lori litavipeleka ghalani, na watu watakaa kwa jamaa zao siku mbili tatu. Ngazi zifagiliwe, kamba za nguo za juu ya paa zifunguliwe.

"Kunguni wa nani?" aliuliza Mwalimu. Alikuwa amesimama mlangoni na miwani puani, na sauti ile iliyowahi kunyamazisha madarasa. "Nimekaa humu miaka ishirini na mbili. Nitajie kunguni mmoja uliyemwona chumbani kwangu, nimjue kwa sura."

"Si kwako, Mwalimu. Ni tahadhari."

"Tahadhari gani inayohitaji mapazia?"

Shemeji alicheka, akasema dawa siku hizi ni kali, akaenda chumba kinachofuata. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kitandani anachambua mboga, alisikia yote, sauti zikishuka ngazini mpaka mlangoni kwake uliokuwa wazi.

"Mwanangu kapata wapi bidii hii?" alisema. "Mwaka jana nilimwomba aniwekee taa ya ngazini, miezi minne."

Mama Pasi alicheka. Lakini kicheko chake mwenyewe hakikumkaa vizuri. Usiku ule alijilaza kwenye godoro lilelile la siku zote, akajikuta anajikuna.

*

Afisa alikuja Jumatatu saa tano. Mama Pasi alimpa koti na bahasha yake bila kumtazama usoni.

"Naomba radhi kwa kusoma," alisema. "Sijawahi. Ukitaka kuwaambia watu, haki yako. Lakini jibu langu sijalipata."

Afisa aliweka koti juu ya meza, akatoa kwenye mkoba wake nakala ya barua. "Duara nililichora mimi. Soma hii kwanza."

Ilikuwa barua kwa halmashauri kutoka kwa msimamizi wa nyumba ya kona. Ilisema ghorofa za juu za nyumba hiyo ni stoo tupu, hakuna anayeishi humo tangu miaka mitatu nyuma, na wafanyabiashara wa chini wanathibitisha. Chini kulikuwa na sahihi nne. Ya tatu ilikuwa na kijimkia kirefu kinachopanda juu kama mvuke. Ilikuwa yake.

Aliikumbuka siku yenyewe. Ilikuwa siku ya mvua kubwa. Shemeji aliingia na karatasi kwenye ubao, amefunika sehemu ya juu kwa mkono ili isilowe, akasema ni ya kuomba paa lizibwe. Alisaini kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa na pasi, na hakuiweka pasi chini.

"Hii ni yako?" aliuliza afisa.

"Ni yangu. Lakini sikujua..." Aliona jinsi neno hilo linavyosikika kwa mtu wa ofisini.

"Wiki ileile barua ilipofika nilipita hapa chini," alisema afisa. "Nikaona mashuka yameanikwa juu ya paa. Nikasikia redio. Nikasema, stoo gani hii inayosikiliza taarifa ya habari? Ndipo nikaizungushia duara, nikaanza kuleta nguo."

"Kumbe ulikuwa unanipeleleza."

"Nilikuwa nakutilia shaka, ndiyo. Sahihi yako imo. Nilidhani mmekula njama pamoja."

Wakatazamana, kila mmoja ameshika upande wake wa meza. Kisha afisa akamweleza polepole. Ndani ya rasimu ya sheria mpya kulikuwa na kifungu ambacho wenye pesa hawakukipenda. Nyumba ya zamani inayokutwa na wapangaji siku ya kuhesabiwa haiwezi kubomolewa. Mwenye nyumba anaweza kujenga juu yake, lakini wapangaji wale wana haki ya kurudi kwenye vyumba vyao kwa kodi ileile kwa miaka kumi. Nyumba inayokutwa tupu haina mtu wa kulindwa. Mwenye nyumba ataivunja, atajenga atakacho. Na kulikuwa na mnunuzi aliyekuwa akiimezea mate kona ile.

"Siku ya kuhesabu ni lini?" aliuliza Mama Pasi.

"Msimamizi wenu alipelekewa barua. Keshokutwa, Jumatano. Saa tatu asubuhi."

Mama Pasi aliketi kwenye kikapu cha nguo chafu.

"Unajisikia vibaya, mama?"

"Jumatano," alisema, "tuna kunguni."

Alipomweleza, afisa hakushangaa sana, na hilo nalo Mama Pasi aliliweka moyoni. Mtu huyu hasemi yote. Labda barua ile kaighushi. Labda anataka kuwagombanisha ndugu ili apitishe yake. Afisa alikuwa anavaa koti.

"Ile ramani," alisema Mama Pasi, "uliisahau mfukoni, au uliiacha?"

Afisa alifunga kifungo cha kwanza, kisha cha pili. "Watu husahau vitu mifukoni," alisema. "Wewe ndiye unayejua zaidi." Akaaga, akatoka. Mpaka leo Mama Pasi hajui jibu.

*

Hakumwamini afisa. Lakini na upande wa pili ulikuwa umeanza kumong'onyoka. Akaamua kujaribu kitu kidogo. Jioni ile Shemeji alipopita, alimwambia kwa sauti ya kawaida, macho kwenye shati alilokuwa akilinyoosha:

"Shemeji, hiyo dawa isogezeni Alhamisi. Jumatano nina nguo za harusi, zote zimeanikwa juu ya paa."

"Haiwezekani."

"Siku moja tu. Au tupulizie Jumanne."

"Nimesema haiwezekani!" Akajisikia mwenyewe, akashusha sauti. "Wapulizaji wameshalipwa. Jumatano ni Jumatano, shemeji. Nguo zako nitakuhamishia mwenyewe."

"Haya," alisema Mama Pasi. "Siku moja kwa kunguni kumbe ni nyingi."

Hakuwa na hasira bado. Alijiona zaidi kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Karibu miaka saba alimpikia mama wa mtu huyu, akamwosha, akamkata kucha. Na mtu huyohuyo akaja kumpitishia ubao wa sahihi.

Alikwenda kwa Mwalimu, Mwalimu akamwita nesi, nesi akamwita fundi redio na mkewe. Walikubaliana kwa sauti za chini kwamba Jumatano hakuna atakayetoa hata kijiko. Jambo moja lilibaki bila mwenye kulibeba: nani atamwambia mama mkwe? Kila mtu alimtazama Mama Pasi. Alishuka, akamkuta bibi amekaa palepale kitandani. Akakaa pembeni yake, akaanza kukunja shuka lililokuwa limeshakunjwa.

"Unalikunja mara ya tatu," alisema mama mkwe. "Sema."

"Mama, Jumatano usitoke chumbani. Hata mwanao akikuomba."

"Kwa nini?"

"Naomba usiniulize kwa nini. Sitaki litoke kinywani mwangu."

Bibi alivuta mto wake, akaupiga ngumi mbili kuuweka sawa, akalala akaelekea ukutani.

*

Jumatano lori lilifika kabla jua halijatoka vizuri. Mpuliza dawa naye alikuwepo, na mtungi mgongoni na barakoa shingoni. Shemeji aligonga mlango wa kwanza, wa nesi. Nesi alifungua akiwa na sare ya kazi.

"Watoto wamelala," alisema. "Hatutoi kitu."

Kwa fundi redio alijibiwa hivyohivyo. Mwalimu hakufungua kabisa. Alisema nyuma ya mlango kwamba anasahihisha. Anasahihisha nini, mtu aliyestaafu miaka minane, hakueleza. Shemeji alishuka ngazi akapanda, akashuka tena. Aliwasihi, akawatishia kwamba mwenye nyumba atawafukuza wote, akawasihi upya. Mama Pasi alikuwa amesimama kwenye ngazi akimtazama. Akamgeukia mpuliza dawa.

"Kaka, hiyo dawa yako ya kunguni inaitwaje?"

Yule kijana wa watu alimtazama Shemeji.

"Nipulizie kidogo hapa mkononi ninuse."

"Ni maji, mama," alisema mpuliza dawa, akavua mtungi. "Mimi nimeambiwa nije nao tu. Kazi yangu hasa ni kupaka rangi."

Shemeji alikaa kwenye ngazi. Alikaa kama mtoto, magoti juu. Alipozungumza hakumwangalia mtu.

"Wameniahidi usimamizi wa jengo jipya," alisema. "Ghorofa tisa, shemeji. Na chumba cha Mama, chenye lifti. Magoti yake hayawezi ngazi hizi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningemuuliza Mama."

"Na sisi wengine?" Ilikuwa sauti ya Mwalimu, kutoka juu. Kumbe alikuwa ameshafungua mlango. "Sisi tulikuwa twende wapi na magoti yetu?"

Saa tatu kasorobo wakaguzi watatu wa halmashauri walipanda ngazi, afisa mwembamba akiwa nyuma yao na koti lake la kijivu. Walikwenda chumba kwa chumba, wakiandika: vitanda vingapi, watu wangapi, tangu lini. Shemeji aliinuka kuwapisha, akabaki ameegemea ukuta, funguo zimelala kimya kiunoni. Angeweza kuondoka. Mama Pasi hakuelewa kwa nini hakuondoka.

Walipofika chumba cha pili, mlango ulikuwa wazi. Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani amevaa nguo zake nzuri, amejifunga kilemba, miguu haifiki sakafuni.

"Bibi, unaishi hapa?" aliuliza mkaguzi mwanamke.

"Naishi."

"Peke yako?"

"Na mkwe wangu, yule pale."

"Nani mwingine anayeweza kuthibitisha?"

Bibi aliinua mkono, akamwonyesha mwanawe mlangoni. "Huyo. Andika: mama yake. Muulize nimekaa hapa miaka mingapi, anajua vizuri. Yeye ndiye aliyenileta."

Mkaguzi alimgeukia Shemeji, kalamu tayari. Mwisho wa korido bomba lilikuwa linadondosha maji. Shemeji aliushika mfungo wa funguo kiunoni.

"Miaka saba," alisema hatimaye. "Itakuwa saba mwezi ujao."

Mkaguzi akaandika. Afisa wa mipango alitazama sakafu.

*

Barua ya stoo tupu ilifutwa, na Shemeji akafutwa pamoja nayo. Mwenye nyumba alipiga simu kutoka huko aliko, akafoka, akaapa kwamba hakujua lolote. Mama Pasi hakumsadiki, wala hakupoteza muda kubishana naye. Yule mnunuzi alitoweka bila mtu kumwona sura. Sheria ilipita baada ya miezi minne, imekatwakatwa na wajumbe hapa na pale, ila kifungu cha wapangaji kilibaki. Mwenye nyumba, alipoona hawezi kuiuza nyumba ikiwa tupu, alikata shauri kuongeza ghorofa mbili za kupangisha juu ya zile za zamani, na matangi ya maji ya mvua uani, mahali palipokuwa na takataka za miaka.

Wapangaji waliletewa mikataba ya kutoka mwaka mmoja na kurudi. Mama Pasi aliusoma wake mara mbili, akampa Mwalimu ausome, akampa na nesi, kisha akaupeleka kwa afisa mwembamba, akamsimamia mpaka aumalize.

"Hapa penye kurudi pameandikwa 'inapowezekana'," alisema Mama Pasi, ameweka kidole. "Nani anapima inapowezekana?"

Afisa alisoma tena. Akachukua kalamu, akalizungushia neno hilo duara. "Una hoja," alisema. "Lirudisheni kwa mwanasheria wao. Msisaini mpaka litoke." Lilichukua wiki tatu kutoka.

Kazi haikupungua kama alivyohofia. Wateja waliomkimbia baada ya mkutano walirudi mmoja mmoja, mifuko yao ikiwa mitupu kabisa, wengine wameigeuza nje kabla ya kukabidhi nguo. Hakulalamika.

Siku ya kuhama, asubuhi, Shemeji alitokea. Alikuwa amekonda. Hakuna aliyemwita. Alisimama mlangoni mwa chumba cha pili, akamsalimia mama yake, na bibi akaitikia salamu yake, ile ya kawaida, neno moja bila ziada. Kabati lilikuwa limebaki, la mbao nzito, na fundi redio alikuwa na mgongo mbovu.

"Naweza kulibeba," alisema Shemeji.

Mama Pasi alimtazama mama mkwe. Bibi alikuwa amejishughulisha na fundo la kanga yake.

"Libebe," alisema Mama Pasi. "Mimi nashika upande wa chini."

Wakashuka nalo hatua kwa hatua, yeye akimwelekeza wapi pa kukanyaga, naye akifuata. Kwenye kona ya ngazi Shemeji aliomba wapumzike. Alisema kitu kwa sauti ndogo, huenda alikuwa anaomba msamaha, huenda alikuwa anasema kabati ni zito.

"Utayasema tukifika chini," alisema Mama Pasi. "Na utayasema mbele ya Mama."

Shemeji akatikisa kichwa kukubali, akainua upande wake.